Korongo la Genesee: Njia Zilizojengwa kwa Dola Moja kwa Siku

Katika jimbo la New York, nchini Marekani, kiasi cha maili 35 kusini-magharibi ya mji wa Rochester, liko korongo refu ambalo Mto Genesee umelichimba katika mwamba. Hifadhi inayolizunguka korongo hilo huitwa Letchworth. Ina urefu wa maili 17 na eneo la ekari zaidi ya 14,000, na ndani yake mna njia za miguu zenye jumla ya maili 66. Mwaka 2015 wasomaji wa gazeti moja kubwa la huko waliipigia kura kuwa ndiyo bora kuliko hifadhi zote za majimbo ya Marekani. Watu hufika, hutazama maporomoko ya maji, hupiga picha, hurudi makwao. Ni wachache wanaouliza ni nani aliyechonga vidato vya mawe wanavyokanyaga, ni nani aliyejenga ukuta unaowazuia wasitumbukie shimoni, na alilipwa nini kwa kazi hiyo. Kwa mfanyakazi hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake lina mambo ambayo vyama vya wafanyakazi vya nchi yoyote vinapaswa kuyajua.

KAZI YA BARAFU

Tuanze na mto wenyewe. Genesee huanzia Pennsylvania, hupita katika jimbo la New York kuelekea kaskazini, na humwaga maji yake katika Ziwa Ontario. Jina lake ni la lugha ya Waseneca, nalo maana yake ni bonde zuri. Kabla ya zama za barafu mto huu ulikuwa na bonde pana lenye miteremko ya polepole, na pengine hakuna mtu ambaye angelipa nauli kwenda kulitazama.

Kisha barafu ikashuka kutoka kaskazini. Msomaji aliyepata kupanda Rwenzori au Mlima Kenya ameiona barafu ya kudumu kule kileleni, nayo inazidi kupungua mwaka hata mwaka. Barafu ya Amerika ya Kaskazini haikuwa ya vileleni peke yake. Ilifunika nchi nzima, mabonde na vilima pamoja, kwa unene uliopita kilomita moja. Ilikuwa ikitembea taratibu sana, huku ikikwangua ardhi na kubeba udongo, changarawe na majabali. Ilikuja na kurudi mara kadhaa. Ilipoyeyuka kwa mara ya mwisho katika sehemu hizo, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, iliutua mzigo wake pale pale ilipofikia, na mzigo huo ukaziba bonde la kale la Genesee.

Maji hayakubali kuzibwa. Yalijikusanya yakawa ziwa mbele ya barafu, yakapanda, yakatafuta mahali pa kufurikia, na yalipopapata yakaanza kukata njia mpya. Njia hiyo ilipita juu ya miamba ya zamani mno, yenye umri wa kiasi cha miaka milioni 370, ambayo ilifanyika chini ya bahari: tabaka la tope lililogeuka jiwe laini, juu yake tabaka la mchanga lililogeuka jiwe gumu, kisha tope tena. Jiwe la tope hubomoka upesi. Jiwe la mchanga hushikilia kwa muda, likabaki limechomoza kama ubao wa rafu, halafu nalo huvunjika kwa kuwa chini yake hapana tena kitu cha kulichukua. Hivyo ndivyo maporomoko yanavyofanyika, na hivyo ndivyo yanavyorudi nyuma kidogo kidogo kuelekea kule mto unakotoka. Letchworth ina maporomoko makubwa matatu, nayo huitwa ya Juu, ya Kati na ya Chini. Ya Kati yana urefu wa futi 107. Mahali pengine kuta za korongo zina kimo kinachozidi futi 500.

Jambo la kuangalia ni kwamba korongo hilo halina upana mmoja. Kuna mahali ambapo mto umebanwa kabisa baina ya kuta mbili, na hatua chache mbele bonde linapanuka ghafla na kuwa na tambarare ambazo zamani zililimwa. Sehemu nyembamba ndizo njia mpya, zilizokatwa baada ya barafu. Sehemu pana ni vipande vya bonde la zamani ambavyo mto ulibahatika kurudi ndani yake. Mtu anayetembea kutwa nzima kando ya korongo anaweza kuyaona yote mawili bila kufundishwa na mtaalamu wa miamba.

WALIOKUWA HAPO KABLA

Nchi hiyo ilikuwa ya Waseneca, mojawapo ya mataifa ya Wairokwa. Mwaka 1797, katika mapatano yaliyofanyika mahali palipoitwa Big Tree, walinyang'anywa kwa kalamu sehemu kubwa ya ardhi yao wakabakiwa na vipande vidogo. Kufikia 1826 hata vile vilivyokuwa kando ya Genesee vilikuwa vimekwisha kwenda. Kimojawapo kilikuwa cha mwanamke aliyeitwa Mary Jemison, mtoto wa walowezi wa Kizungu, ambaye alitekwa akiwa msichana katika miaka ya 1750, akalelewa na Waseneca, akaolewa kwao, na alipopata nafasi ya kurudi kwa Wazungu akakataa. Alifariki mwaka 1833. Mifupa yake ilihamishwa mwaka 1874 ikazikwa ndani ya hifadhi, na njia mojawapo ya miguu ina jina lake.

Baada ya Waseneca wakaja wakata miti na wenye viwanda vya mbao, halafu wachimbaji wa mfereji. Mfereji wa Bonde la Genesee ulianza kuchimbwa katika miaka ya 1830, ili mashua zipate kupitisha mizigo. Ulipofika kwenye korongo kazi ikawa ngumu kupita kiasi. Wafanyakazi, ambao wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, walijaribu kutoboa shimo la kupitisha mfereji ndani ya mwamba, lakini jiwe lile laini likawa linaporomoka, na mradi wa shimo ukaachwa. Ikabidi mfereji ukatwe kwenye ubavu wa jabali, kwa sururu, koleo na baruti. Mwaka 1878 ulifungwa. Baadaye reli ikapitishwa pale pale mashua zilipopita, nayo reli ikafa, na leo ni njia ya miguu na baiskeli. Anayetembea hapo hukuta njia imenyooka na haina mlima. Ndiyo sababu yake.

Juu ya Maporomoko ya Juu lilijengwa daraja la reli la mbao, lililofunguliwa mwaka 1852. Lilikuwa kubwa sana kwa wakati wake. Liliungua mwezi Mei 1875, na kabla ya mwisho wa Julai mwaka ule ule garimoshi lilikuwa linapita juu ya daraja la chuma lililosimamishwa mahali pake. Chini ya miezi mitatu! Vitabu vya uhandisi husifu mwendo huo. Mwandishi wa makala haya angependa zaidi kujua waliolijenga walikuwa wakilala saa ngapi.

Mwaka 1859 tajiri mmoja wa mji wa Buffalo, William Pryor Letchworth, alinunua ardhi karibu na Maporomoko ya Kati. Kwa kuwa miti ilikuwa imekatwa ovyo, alipanda mingine, akatengeneza vijia, akaruhusu watu waje kutazama. Kampuni moja ilipotaka kujenga bwawa la kuzalisha nguvu ambalo lingemaliza maji ya maporomoko, aliipinga kwa miaka, na mwishowe, mwaka 1906, akalipa jimbo la New York shamba lake lote la ekari zipatazo 1,000 ili liwe hifadhi ya umma. Alifariki mwaka 1910. Hifadhi ina jina lake, na anastahili. Lakini na isemwe pia kwamba fedha zake zilitokana na kiwanda cha vyuma vya matandiko ya farasi, na kwamba vyuma hivyo havikujifua vyenyewe.

VIJANA WA MWAKA 1933

Shamba la Letchworth lilikuwa sehemu ndogo tu ya hifadhi tunayoiona leo. Iliyobaki ilinunuliwa na jimbo baadaye, na kazi ya kuifanya ipitike kwa miguu ilifanywa hasa kati ya miaka 1933 na 1941, na watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kupata chakula.

Mwaka 1933 mfanyakazi mmoja katika kila wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Mabenki yalikuwa yamefunga milango, viwanda vimezima moto. Rais mpya, Franklin Roosevelt, alikuwa bado hajamaliza mwezi mmoja katika kiti chake alipotia sahihi, tarehe 31 Machi, sheria ya kuunda kikosi cha vijana wa kazi za misitu na ardhi. Kikosi hicho kilikuja kujulikana ulimwenguni kwa herufi tatu, CCC. Waliochukuliwa walikuwa wavulana wasiooa, hasa wenye umri kati ya miaka 18 na 25, waliotoka katika jamaa zilizokuwa zinaishi kwa msaada. Waliwekwa katika makambi ya watu wapatao 200, kwa mkataba wa miezi 6 uliokuwa ukiweza kurudiwa. Katika miaka 9 vijana karibu milioni 3 walipita humo.

Malipo yalikuwa dola 30 kwa mwezi. Kati ya hizo, dola 25 hivi hazikufika mkononi mwa kijana. Zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Yeye alibakiwa na dola 5 za kununulia sigara, sabuni na tikiti ya sinema. Chakula, malazi, nguo na daktari vilitolewa na serikali. Wengi walifika kambini wamekonda, na baada ya miezi michache walikuwa wamenenepa. Mbao za majina na mizani za kambi zilionyesha hivyo. Jioni kulikuwa na masomo, na maelfu ya vijana walijifunza kusoma na kuandika huko huko kambini.

Korongo la Genesee lilipata makambi manne katika miaka ile. Moja lilikuwa karibu na Maporomoko ya Chini. Mengine yalikuwa upande wa kaskazini, mawili kati yao katika sehemu zilizoitwa Gibsonville na St. Helena, ambako zamani palikuwa na vijiji. Vijana walipasua mawe, wakachanganya saruji, wakapanda miti, wakalima barabara, wakajenga vibanda vya wageni na meza za kulia chakula. Walichimba njia kwenye ukingo wa korongo na kujenga ukuta mfupi wa mawe pembeni mwake, ule ambao leo kila mgeni huuegemea akapigwa picha. Karibu na Maporomoko ya Chini, mahali ambapo mto unapita kwenye mfuo mwembamba wa jiwe, walijenga daraja la tao la mawe kwa ajili ya waendao kwa miguu. Mtu akisimama katikati ya daraja hilo huyaona maji yakiwa yamebanwa chini yake, nayo sauti yake ni kubwa hata mazungumzo hayawezekani.

Kazi ya namna hiyo si ya kubahatisha. Kidato cha mawe kisipolazwa na mteremko mdogo wa kutoa maji, wakati wa baridi maji husimama juu yake, huganda, hupanuka, na jiwe huvunjika. Njia isipochimbiwa mfereji upande wa mlima, mvua moja huizoa. Vijana wa mjini waliotoka Buffalo au New York walikuwa hawajui hata kushika sururu. Kwa hiyo serikali iliajiri mafundi wa vijiji vya karibu, waashi na maseremala wazoefu waliokuwa hawana kazi, ili wawafundishe. Jambo hilo halikuja kwa hisani, kama tutakavyoona sasa hivi.

UGOMVI WA DOLA MOJA

Sheria ilipofikishwa Bungeni, waliosimama kuipinga kwa nguvu zaidi hawakuwa matajiri. Walikuwa vyama vya wafanyakazi. William Green, rais wa shirikisho kubwa la vyama, AFL, alikwenda mbele ya kamati ya Bunge akasema kwamba kuwaweka vijana katika makambi chini ya maofisa wa jeshi, kwa mshahara wa dola moja kwa siku, kuna harufu ya ufashisti. Mwaka ule ule Hitler alikuwa ametwaa madaraka Ujerumani, na makambi ya kazi ya vijana yalikuwa yanazungumzwa huko. Kwa hiyo neno lile halikuwa tusi la bure.

Hoja ya pili ya Green ilikuwa ya mkate. Je, serikali ikiwalipa vijana 250,000 dola moja kwa siku, mwajiri wa kawaida atashindwa nini kusema kwamba dola moja ndiyo mshahara? Mwashi aliyejiunga na chama chake, akapigania kwa miaka mingi kiwango cha kulipwa kwa saa, atasimama wapi iwapo ukuta wa mawe unaweza kujengwa na mvulana aliyefundishwa juzi kwa malipo yale? Wakubwa wa serikali walijibu kwamba hawa hawakuwa waajiriwa wa soko, ila walikuwa watu waliokuwa wanapewa msaada. Kwamba wanalishwa na kuvishwa juu ya mshahara. Na kwamba hata askari wa kawaida wa jeshi lao alikuwa akipata pungufu ya hapo. Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Hakuna hata moja lililomjibu yule mwashi.

Roosevelt alikuwa mwanasiasa hodari. Hakubishana na vyama kwa muda mrefu. Kuwa mkurugenzi wa kikosi kizima alimteua Robert Fechner, makamu wa rais wa chama cha mafundi wa mitambo, mtu aliyeanza maisha kama mwanagenzi katika karakana za reli na aliyepata kushiriki katika harakati za kupunguza saa za kazi. Msaidizi wake, James McEntee, naye alitoka katika chama hicho hicho, na ndiye aliyeshika kiti baada ya Fechner kufariki siku ya mwisho ya mwaka 1939. Mafundi wa vijijini waliajiriwa, na baadhi ya kazi za ufundi mkubwa zikaachiwa wao. Wiki ya kazi iliwekwa kuwa saa 40. Kijana aliyeumia kazini alikuwa na haki ya fidia. Upinzani wa AFL ukatulia, na baada ya miaka michache viongozi wake wenyewe walikuwa wakikisifu kikosi.

Je, vyama vilishinda au vilinunuliwa? Mwandishi huyu anaona vilipata kitu, na kwamba visingekipata kama vingenyamaza mwanzoni kwa kuogopa kuitwa maadui wa vijana wenye njaa. Lakini kilichobaki bila kuguswa kilikuwa kikubwa vile vile. Dola moja ilibaki dola moja mpaka mwisho. Kijana wa kambini hakuwa na chama na hakuwa na mkataba wa pamoja. Akikataa kazi, aliweza kufukuzwa, na dola 25 zikakatika kwa mama yake mwezi ule ule. Wanyapara, waliochaguliwa miongoni mwao, walipewa dola 36 au 45, na kwa tofauti hiyo ndogo nidhamu ikalindwa. Nchi nyingi, za kwetu zikiwemo, zimepata kuwa na majeshi ya vijana ya kujenga taifa, na wanaovisimamia vyama vyetu watayatambua maswali haya bila ya kuelezwa zaidi.

RANGI NA JINSIA

Kuna upande mwingine ambao vibao vya hifadhi za Marekani vilikawia kuutaja. Sheria ya 1933 ilikuwa na kifungu kilichokataza kubagua kwa rangi, kabila au dini. Aliyekitia ni Oscar De Priest wa Chicago, ambaye wakati huo alikuwa mbunge Mweusi pekee katika Bunge zima la Marekani. Kifungu kilikuwa kifupi na wazi.

Hata hivyo, sehemu za Kusini wakuu wa uandikishaji waliwakataa Weusi tangu siku za mwanzo, na mwaka 1935 Fechner mwenyewe, yule yule mtu wa chama cha wafanyakazi, alitoa amri ya kuwatenga kabisa Weusi na Weupe katika makambi, hata katika majimbo ya Kaskazini ambako walikuwa wakichanganyika. Walipolalamika, walijibiwa kwamba kutenga si kubagua. Vijana Weusi zaidi ya 200,000 walipita katika CCC, karibu wote katika makambi ya peke yao, na nafasi za uongozi katika makambi hayo zilishikwa na Wazungu isipokuwa chache sana. Mzaliwa wa Tennessee, Fechner alikuja na desturi za kwao, na chama alichotoka kilikuwa na sifa mbaya ya kuwafungia Weusi mlango. Kuwa mwanachama hakumfanyi mtu kuwa mwenzako.

Wanawake hawakuchukuliwa kabisa. Kwa juhudi za Frances Perkins, waziri wa kazi, na Eleanor Roosevelt, mke wa rais, yalifunguliwa makambi machache kwa ajili yao, la kwanza likiwa Bear Mountain katika jimbo hilo hilo la New York. Wanawake wapatao 8,500 walipita humo kabla ya makambi kufungwa mwaka 1937. Hawakupewa mshahara wa dola moja kwa siku kama wavulana.

KWENDA KWA MIGUU LEO

Bunge liliacha kutoa fedha za kikosi katikati ya mwaka 1942, wakati vita vilipokwisha kuchukua vijana na kazi kuwa tele. Makambi ya korongoni yalibomolewa. Njia zilibaki.

Iliyo kubwa ni Njia ya Korongo, ambayo hupewa namba 1. Ina urefu wa maili 7 na hufuata ukingo wa magharibi kutoka upande wa maporomoko kuelekea kaskazini. Ina ngazi nyingi, hasa karibu na Maporomoko ya Chini, ambako mtu hushuka vidato zaidi ya 100 kufika kwenye jiwe tambarare na lile daraja la tao. Kushuka ni raha. Kupanda, kila mtu hujua umri wake. Ukingo wa mashariki kuna njia nyingine ya karibu maili 25, tulivu zaidi, inayopita msituni na kukata vijito vingi. Hiyo hutunzwa na watu wa kujitolea wa shirika la waenda kwa miguu lililoanzishwa mwaka 1962. Wana misumeno yao, rangi yao ya kupaka alama mitini, na siku zao za kazi.

Kila mwaka hifadhi huonya watu wasivuke ukuta wala kamba. Mwamba wa ukingoni unaonekana mgumu, kumbe ni lile tabaka la mchanga lililochomoza bila kitu chini yake. Watu wamekwisha kupoteza maisha kwa ajili ya picha moja.

Upande wa kaskazini kabisa limesimama bwawa la Mount Morris, ukuta wa zege wenye urefu wa futi zaidi ya 1,000 kutoka ukingo hadi ukingo, lililojengwa kati ya 1948 na 1952 ili kuilinda Rochester na mafuriko. Halizalishi umeme na kwa kawaida nyuma yake mna maji kidogo tu. Mwezi Juni 1972 kimbunga kilichoitwa Agnes kilileta mvua ambayo ililijaza karibu kufika juu. Tambarare za St. Helena, ambako kijiji kilikuwa na baadaye kambi ya vijana, sasa ni sehemu ya bonde linaloachiwa maji hayo. Njia zinazoshuka huko mara nyingine hukutwa zimefunikwa na tope, na lazima zichimbuliwe upya.

Na lile daraja la chuma la 1875? Lilidumu zaidi ya miaka 140. Magarimoshi yalipozidi uzito, yalilazimika kutambaa juu yake kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Mwezi Desemba 2017 garimoshi la kwanza lilipita juu ya daraja jipya la tao la chuma lililojengwa kando yake, na lile la zamani likabomolewa mwaka uliofuata. Wengine walisikitika. Madereva wa magarimoshi, tunadhani, hawakusikitika.

Leo wafanyakazi wengi wa kudumu wa hifadhi za jimbo hilo, wale wa mashine, wa useremala na wa matengenezo, ni wanachama wa CSEA, chama cha watumishi wa serikali ya New York. Lakini kazi kubwa ya njia huangukia majira ya joto, na hapo huajiriwa watu wa msimu, wengi wao vijana, ambao mkataba wao huisha majani yanapoanguka. Kisha huja baridi. Maji huingia katika nyufa za ukuta wa 1935, huganda, husukuma. Baadhi ya ngazi za korongoni hufungwa mpaka barafu iyeyuke. Mwezi wa Aprili mtu huteremka na nyundo na ndoo ya saruji kutazama ni mawe mangapi yamelegea, na kuyarudisha moja moja mahali pake kabla wageni hawajafika.